Kompyuta ya Zamani na Umeme wa Kampala
Namna ya kuilaza mashine bila kupoteza kazi

Kijitabu hiki ni cha walimu wa maabara za kompyuta, wenye vibanda vya kuchapa Wandegeya na Nasser Road, na mafundi wanaowahudumia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta zilizotengenezwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 hazikidhi masharti ya Windows 11. Wenye mashine hizo wengine wanahamia Linux, wengine wanabaki na walichonacho. Katika kuhama huko kuna jambo linalosahaulika: mfumo endeshi mpya unajua kuuzima na kuulaza ubao mama wa zamani?

Tunauliza kwa sababu ya mita ya umeme ya Yaka. Tuchukulie shule ina kompyuta 20, kila moja ikila wati 60 hata isipoguswa. Zikiachwa zinawaka saa 14 za usiku, asubuhi uniti 16.8 zimekwenda bure. Zikilala vizuri, kila moja ikila wati 3, ni chini ya uniti 1. Zidisha kwa bei unayonunulia, kisha kwa usiku wa muhula mzima. Karo za wazazi ndizo zinazolipa.

Ubao, BIOS na mfumo

Kompyuta hailali kwa amri ya Windows au Linux peke yake. Ubao mama, yaani mazabodi, lazima uelewane na BIOS yake na mfumo endeshi. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa APM, ambao uliiachia BIOS sehemu kubwa ya uamuzi. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, na uamuzi ukahamia kwa mfumo endeshi. Windows 98 ilianza kuifuata ACPI. Windows Vista ikaachana na APM kabisa. Upande wa Linux, matoleo kadhaa yalikuwa yakikataa kutumia ACPI kwenye BIOS za kabla ya 2001 au karibu na hapo, kwa kuwa nyingi zilikuwa na kasoro, mpaka fundi aandike acpi=force wakati wa kuwasha.

Dalili ya kutoelewana huko inafahamika. Umeagiza mashine izime, skrini inakuambia sasa ni salama kuizima, lakini feni zinaendelea kuzunguka. Kabla ya kulaumu programu, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, tazama plagi inayoingia kwenye ubao. Ikiwa ni moja pana yenye matundu 20 au 24, hiyo ni ATX, muundo wa mwaka 1995, na inapaswa kujizima yenyewe. Ukikuta plagi mbili zimekaa bega kwa bega, nyaya nyeusi zikikutana katikati, hiyo ni AT. Hiyo huzimwa kwa swichi, na hakuna programu itakayobadilisha hilo. Usimlipe mtu akuwekee mfumo mpya kwa ajili ya tatizo hilo.

Usingizi upi unafaa hapa

Hatua inayoitwa S1 hupunguza kazi ya prosesa, lakini feni kwa kawaida huendelea. S3 huzima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya muda, yaani RAM, na mashine huamka kwa sekunde chache. S4 ni usingizi wa pono: kazi yote huandikwa kwenye diski, kisha umeme hauhitajiki tena.

Miongozo mingi iliyoandikwa nchi za mbali hupendekeza S3. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS hapa Kampala, sisi tunapendekeza S4. Bwawa la Bujagali lilileta megawati 250 mwaka 2012, Karuma ikaongeza 600, na tangu 1 Aprili 2025 UEDCL ndiyo inayosambaza umeme badala ya kampuni ya Umeme; lakini nguzo ikianguka au transfoma ikiungua mtaani kwako, taa zitazima vilevile. Mashine iliyo kwenye S3 ikikatikiwa umeme hupoteza kila ambacho hakijahifadhiwa. Iliyo kwenye S4 haipotezi kitu. S3 iacheni kwa laptopu yenye betri nzima.

Kupima

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /a. Utaorodheshewa usingizi unaowezekana, na usiowezekana pamoja na sababu. Mara nyingi sababu ni draiva ya skrini isiyo sahihi. Iweke kwanza, ndipo uhukumu ubao. Kama S4 imefungwa, iwashe kwa powercfg /h on, ukiwa na ruhusa za msimamizi.

Kwenye Linux, andika cat /sys/power/mem_sleep. Ukiona neno deep, S3 ipo. Usipoliona neno hilo, ingia BIOS utazame kama aina ya usingizi imewekwa S1 badala ya S3. Kwa S4, Linux inahitaji eneo la swap kwenye diski, na ni salama zaidi lisipungue ukubwa wa RAM, na matoleo mengi hayaliandai mpaka uyaagize.

Ukiwa ndani ya BIOS, tafuta kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Chagua ibaki imezimwa. Umeme unaporudi mara nyingi hupanda na kushuka, na si vyema maabara nzima iwake wakati huo.

Kama tarehe ya kompyuta inarudi nyuma kila unapochomoa waya, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekwisha, na mipangilio yote uliyoweka itapotea nayo. Ibadilishe kabla ya mengine. Kuhusu kusasisha BIOS, usithubutu bila UPS iliyojaa chaji: umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa kabisa.

Anayenunua kompyuta iliyotumika aombe ijaribiwe mbele yake dukani. Andika maneno machache, usiyahifadhi, iweke mashine kwenye S4, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, chomeka, washa. Maneno yakirudi jinsi ulivyoyaacha, lipa.