Mtoto Mdogo Ashinde na Nini Nyumbani?

Magomvi mengi ya mume na mke huanza na jambo dogo. Chukueni mfano wa familia changa iliyopanga chumba kimoja huko Kayole, Nairobi. Mume anarudi kazini saa moja na nusu jioni. Anakuta sufuria zimetapakaa sakafuni, mkewe amenuna, na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu ameduwaa mbele ya simu akitazama katuni. "Umeshinda hapa mchana kutwa na hata kufagia hujafagia?" Mke anajibu, "Tangu asubuhi huyu hajaniachia nafasi. Angekuwa na vitu vya kuchezea kama watoto wa majirani, ningefagia." Mume anasikia kwamba anasutwa kwa kukosa pesa. Mke anasikia kwamba anaitwa mvivu. Wanalala bila kusemezana, na swali lililowagombanisha, yaani kesho mtoto atashinda na nini, halijaguswa.

Tuliguse sisi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anaweza kukua vizuri kabisa bila kununuliwa kitu cha kuchezea hata kimoja. Anachotaka ni kupewa sehemu yake katika kazi za nyumbani, na kila mzazi amtengee muda mfupi ulio wake peke yake.

Mwaka 1907 daktari mmoja Mwitalia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya kulea watoto katika San Lorenzo, mtaa wa watu maskini mjini Roma. Aliona kwamba watoto waliviacha vitu vya kuchezea vilivyowekwa chumbani, wakapendelea kazi za kweli. Watoto wake walikuwa wakubwa kidogo kuliko hawa tunaowazungumzia, lakini mama yeyote wa kwetu analijua jambo hilo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari la betri siku ya mshahara. Gari lilidumu siku mbili. Katoni lililokuja nalo lilidumu mwezi mzima: lilikuwa nyumba, likawa matatu, likawa kitanda cha paka.

Basi mama akifua, mtoto apewe soksi zake azifue. Akichambua sukuma wiki, mtoto apewe mabua ayavunjevunje. Akipika chapati, ampe donge dogo la unga alifinyange, kisha alipike na kulila. Usimpe unga wa kuchezea na kutupa, maana unga una bei. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, hilo ni kweli, na nguo nyingine zitalowa. Lakini mama aliyefua kwa saa nzima pamoja na mtoto amefua, na yule aliyejaribu kufua huku akimfukuza hakumaliza.

Kwa saa zile ambazo mama hawezi kuwa naye karibu hivyo, atayarishe kikapu. Kiondo cha zamani kinatosha. Atie mwiko, sahani ya bati, kopo lisilo na makali, kipande cha leso, kijiko kikubwa, brashi ya nguo, na chupa ya plastiki yenye maji kidogo iliyofungwa barabara. Siri ya kikapu ni kutokitoa kila siku. Vitu nusu vifichwe chini ya kitanda, na baada ya juma moja vibadilishwe; mtoto atavipokea kana kwamba vimetoka dukani leo. Mpira nao hufumwa kwa matambara na kamba. Zamani tuliushindilia mifuko ya nailoni, lakini hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na matambara hayakosekani.

Hapa nawasihi mwe waangalifu. Kile kipande cha kadibodi kilicho katikati ya karatasi ya choo ni kipimo kizuri: kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo maharagwe, njugu, shanga, sarafu na vifuniko vya soda viwekwe mbali, kwa sababu humkaba koo. Kuchezea maji ni raha kubwa kwake, lakini iwe kikombe kimoja katika beseni, na mama awe hapo hapo. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito. Akiinama kwenye ndoo huweza kutumbukia, naye hufa maji katika maji ya kina cha vidole vichache tu. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto hujua chupa ile ina utamu.

Na ile simu je? Simwoni mama huyo kuwa mkosaji, alikuwa amechoka. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa mwaka mmoja asitazame kabisa televisheni wala simu, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Linasema pia watoto hawa wajongee na kucheza angalau saa tatu kwa siku, na wasifungwe mgongoni au kitini zaidi ya saa moja mfululizo. Saa tatu zinatisha, lakini kutembea hadi kwa mama mboga, kupanda ngazi za ploti, na kukimbiza kuku, vyote vinahesabiwa.

Sasa baba. Namtaka robo saa tu kila jioni, kabla ya habari na kabla ya chakula. Awe farasi. Ajifunike leso na kujifunua. Aseme "Paukwa!" hata kama anayeitika "Pakawa!" bado anaguguma. Katika robo saa hiyo mke asipike wala asifagie. Aoge, au aketi nje kibarazani. Anayerudi mtoto akiwa tayari amelala aitafute robo saa yake asubuhi, mtoto anapoamka.

Jioni moja mtoto akishalala, mkae pamoja bila simu na mwulizane. Mke amwambie mume saa ipi ya mchana inamlemea zaidi, naye mume asikilize mpaka mwisho asitoe dawa. Mume aseme anaona nini anapofungua mlango jioni, na angependa kukuta nini. Kisha mtazame chumba chenu: kitu gani kilicho hapa sasa kinaweza kuingia katika kikapu, na kipi kiondolewe usiku huu huu?