Simu Isiwe Bwana Wako
Somo: Danieli 6:10, 1 Wakorintho 6:12

Mwezi uliopita nilikuwa kwa matatu nikitoka Naivasha kurudi Nakuru. Nikafungua Biblia kwa simu nisome Danieli 6. Kufika Gilgil nilikuwa nimesoma mistari miwili, nimejibu WhatsApp, nimeangalia salio, na sasa natazama mtu nisiyemjua akipika samaki. Tulishuka stendi Danieli bado hajatupwa kwa simba!

Paulo anatufundisha kwamba kitu kinaweza kuwa halali na bado kikakutawala. Simu ni halali. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 tumezoea kulipia nayo nauli, karo, hata sadaka. Hakuna anayekwambia uitupe Ziwa Nakuru. Lakini ukiamka, mkono wako hutafuta nini kabla hujamshukuru Mungu?

Danieli alikuwa na kazi kubwa serikalini, kuliko yangu na yako. Bado alipiga magoti mara tatu kwa siku, na amri ya mfalme haikumtoa hapo. Mimi hutolewa na mlio mdogo tu.

Jioni moja mezani mtoto wangu aliniambia, "Baba, ombea chakula kwanza, halafu urudi kwa simu." Niliona haya sana.

Sasa simu hulala jikoni, na nimenunua saa ya kuniamsha. Biblia ya karatasi iko kando ya kitanda. Nimeshaanguka mara mbili. Tukikutana Jumatano kwa maombi, niulizeni imelala wapi.