JUU YA NINI TUNANYUNYIZA MAJI MBELE YA KUFAGIA



Tangu kiangazi kianze, wadogo wa mwaka wa kwanza wanalalamika. Wanasema makapita wanawatesa bure: kuchota maji, kubeba ndoo, kunyunyiza darasa lote, kisha ndiyo kushika fagio. Mmoja alituuliza mbele ya wenzake: «Yaya, mavumbi ni mavumbi tu, juu ya nini kuyapa maji ya kunywa?» Tulicheka, lakini swali lilikuwa la kweli, na sisi hatukuwa na jibu. Tulifanya vile kwa sababu makapita waliotutangulia walifanya vile. Basi tulienda kutafuta, na tulikuta mengi kuliko tuliyotazamia.

Hapa Kingamyambo, nani hajui mavumbi? Tangu miaka ya 1950 mabaki ya kusafisha mawe ya shaba ya Kolwezi yalimwagwa upande huu, zaidi ya tani milioni 100, laini kama unga. Shaba na kobalti zilibaki ndani, ndiyo maana siku hizi yanachotwa na kusafishwa tena. Ukipita upepo wa mwezi wa saba, unaona mwenyewe.

Katika mwaka wa 2009 mwalimu Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Universite ya Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven kule Ubelgiji, walitangaza kazi yao. Walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wadogo na wazee. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi sana kupita wale wa mbali. Kisha walikuja kwetu Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walikuwa wanachimba chini ya nyumba zao wenyewe. Walipima damu na mkojo wa watu 72, na kati yao watoto walikuwa 32. Hawakuishia pale. Walipima pia watu wa mtaa wa jirani usio na mashimo, kusudi wapate kulinganisha. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti zaidi, na tofauti kubwa kabisa ilikuwa kwa watoto. Si wachimbaji, watoto! Mtoto anacheza chini, anakula na mikono ileile, anavuta hewa iliyo karibu na udongo.

Hapa tufungue daftari la biologia. Munakumbuka seli, tunayochora kila mwaka kama yai la kukaanga. Seli inaunguza chakula kwa oksijeni, na moto ule unaacha makombo makali. Kobalti ikizidi, makombo yale yanazidi nayo, na yanauma ADN. Seli haikai bure: inakata kipande kilichoharibika, inatengeneza, na kile kipande kinatoka na mkojo. Ndicho watafiti walichokuta kwa watoto wa Kasulo. Tuseme sawa: hawakuandika kwamba kila mtoto yule atagonjwa. Waliandika kwamba ADN imeumizwa, na kwamba kuumizwa kule kunafuatana na kobalti. (Kumbe mwili unataka kobalti pia, kidogo sana, ndani ya vitamini B12. Shida ni wingi.)

Mwenzetu mmoja aliuliza: nchi nyingine zinafanya nini na mavumbi ya njia? Jibu lilitushangaza, lilitoka katika nchi za teluji. Kanada na Sweden, wakati wa baridi, wanamwaga chumvi barabarani kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi. Kuna chumvi moja, kloridi ya kalisi, inayofanya kazi mbili: wakati wa baridi inayeyusha barafu, na wakati wa joto inamwagwa katika njia za udongo, inavuta unyevu wa hewa, na mavumbi yanalala. Tulifurahi, tukataka kuandika barua kwa wakubwa wa mji! Lakini mwalimu wa kemia alituzuia. Chumvi ile inataka hewa yenye unyevu, na hewa yetu ya kiangazi ni kavu kama ganda la karanga. Na kule kwao chumvi inakula magari na kuingia katika mito. Swali linaweza kutoka mbali, lakini jibu lipimwe hapa.

Jambo lile tulilikuta tena mahali tusipotazamia. Katika darasa letu kuna mmoja ambaye nkambo yake alianza kupotea njia ya nyumbani, akaita watoto kwa majina ya marehemu. Watu wa mtaa walianza kusema bulozi. Profesa Jean Ikanga, Mkongomani anayechunguza akili za wazee wa Kinshasa, aliona kwamba mipimo ya Ulaya na Amerika haitoshi kwa wazee wetu, basi alitengeneza mipimo ya Kiafrika, hata na methali ndani. Tulijifunza hivi: mzee kuchelewa kukumbuka jina ni kawaida, lakini kupotea njia aliyoizoea ni alama ya ugonjwa, na mgonjwa anapelekwa kwa munganga. Mwenzetu alisoma habari hii kwa sauti nyumbani. Shangazi mmoja alinyamaza, mwingine alikasirika. Nkambo bado iko pamoja nao, na sasa haachwi kutembea peke yake.

Turudi kwenye fagio. Kasulo si darasa letu, na hatuna mashine ya kupima kobalti. Lakini kulinganisha tunaweza. Kuanzia juma hili, darasa la A litafagia na maji, darasa la B litafagia kavu, madirisha yakifungwa sawasawa. Wanafunzi wote watatoka nje. Katika kila darasa tutaweka sahani tatu nyeupe juu ya dawati la mbele, saa moja nzima nyuma ya kufagia, na mwalimu wa kemia atapima mavumbi kwa mizani yake. Siku kumi. Hesabu zitabandikwa mlangoni, hata zikionyesha kwamba makapita walikosa. Mama wa jiko amekubali kutoa sahani sita, kwa sharti moja: zirudi zimeoshwa mbele ya saa sita.