UBONGO HUUMIAJE BILA FUVU KUPASUKA?



Mtu ameanguka na pikipiki. Kichwa hakikupasuka wala damu haikutoka. Alizimia kidogo, akazinduka, akajipangusa vumbi. Watu wakasema, "Pole, lakini hujaumia." Usiku akalala. Asubuhi haamki! Hapo ndipo maneno huanza: karogwa, kaonewa kijicho. Je, ni kitu gani kimemwua?

Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Ubongo umefichwa ndani ya mfupa, na binadamu hawezi kupigwa kichwani makusudi ili tujifunze. Kwa hiyo wataalamu hutumia mfano, yaani kitu au mnyama anayewekwa mahali pa binadamu. Leo tutasoma habari za mifano hiyo.

Jaribio la yai

Hebu anza na jaribio ambalo unaweza kulifanya nyumbani. Chukua yai bichi. Lilaze juu ya meza na ulizungushe kama pia. Linapozunguka, liguse kwa kidole lisimame, kisha uondoe kidole upesi. Kumbe! Yai linaanza kuzunguka tena lenyewe. Sababu ni kwamba ulisimamisha ganda tu. Ute na kiini viliendelea kuzunguka ndani.

Kichwa nacho ni hivyo hivyo. Fuvu ni ganda, ubongo ni kitu laini kilichomo ndani. Fuvu likisimama ghafla, ubongo bado unakwenda.

Fuvu la nta na ubongo wa jeli

Huko Oxford, Uingereza, alikuwako daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeitwa Hugh Cairns. Mwezi Mei 1935 alikuwa mmoja wa madaktari waliomhudumia T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri aliyepata ajali ya pikipiki. Lawrence hakuwa amevaa helmeti. Alilala siku sita bila fahamu, akafa akiwa na miaka 46.

Cairns akaanza kuchunguza ajali za pikipiki. Mwaka 1941 aliandika kwamba alikuwa ameona waendeshaji 7 walioanguka wakiwa na helmeti, na wote walipona. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliamuru askari wake wa pikipiki wavae helmeti.

Lakini ubongo huumiaje hasa? Kazi hiyo ilifanywa na mtaalamu wa fizikia wa hapo Oxford, A. H. S. Holbourn. Alitengeneza umbo la fuvu kwa nta, akalijaza jeli. Jeli unaijua: supu ya makongoro ikipoa huganda na kutikisika. Holbourn alilizungusha fuvu hilo kwa ghafla, akaitazama jeli kwa mwanga maalumu unaoonyesha mahali palipovutwa.

Mwaka 1943 alieleza aliyoyaona. Ubongo, kama maji, haushindiliki kwa urahisi. Lakini sehemu zake huteleza na kuvutana upesi. Kwa hiyo kichwa kikigeuzwa kwa ghafla, ubongo huvutika kila mahali, hata kama fuvu ni zima.

Nyani na panya

Mwaka 1946 madaktari wawili wa Marekani, Pudenz na Shelden, waliondoa mfupa wa juu wa vichwa vya nyani, wakaweka plastiki inayopitisha mwanga. Kichwa kilipopigwa, waliuona ubongo ukiteleza ndani.

Mwaka 1982 Gennarelli na wenzake, wa huko huko Marekani, waligeuza vichwa vya nyani kwa nguvu bila kuvigonga popote. Nyani walipoteza fahamu. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari ndani ya ubongo zilikuwa zimekatika. Kugeuzwa kwa upande kulidhuru zaidi. Ni kweli wanyama hao waliteswa, na watu wengi wamelalamikia kazi ya namna hiyo.

Siku hizi panya ndio hutumika sana. Katika njia moja iliyoelezwa mwaka 1994, uzito wa gramu 450 huangushwa kutoka mita 2 juu ya kichwa cha panya aliyelazwa kwa dawa.

Lakini panya si mtu

Hapa ndugu msomaji tuwe waangalifu. Homoni iitwayo projesteroni ilipopewa wanyama walioumia ubongo, walipata nafuu. Watu wakafurahi. Ikajaribiwa kwa wagonjwa katika majaribio mawili makubwa. Mwaka 2014 majibu yalitolewa: waliopewa dawa hawakupona kuliko wasiopewa.

Kwa nini? Ubongo wa panya una gramu 2 hivi, na ni laini usio na mikunjo. Wako una gramu 1,300 hivi na mikunjo mingi. Tena panya wa maabara hupigwa namna moja. Watu huumia kila mmoja kwa namna yake.

Basi mfano hutuonyesha njia, lakini si safari yenyewe. Mpaka sasa hakuna dawa ya kuunga nyuzi za ubongo zilizokatika.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzuie. Dereva na abiria wote wavae helmeti na kufunga mkanda wake.

Pili, turudi kwa yule aliyelala asiamke. Ubongo unapoteleza, mishipa midogo ya damu kati yake na fuvu huweza kukatika. Damu huvuja polepole na kuubana ubongo. Si uchawi. Aliyezimia apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Usingoje asubuhi ukiona dalili hizi:

– anatapika mara kwa mara;
– kichwa kinazidi kumwuma;
– anasinzia na ni vigumu kumwamsha;
– anachanganyikiwa au anapata degedege;
– mkono au mguu unalegea;
– damu au maji maji yanatoka puani au sikioni.

Madaktari wakiwahi, damu hiyo huweza kuondolewa na mtu akapona.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini yai bichi lilizunguka tena?
2. Jeli ya Holbourn ilitufundisha nini?
3. Kwa nini dawa iliyomfaa panya inaweza isimfae mtu?
4. Mtu akianguka usiku hapa kijijini, nani atampeleka hospitali, na kwa chombo gani? Kubalianeni leo, kabla ya ajali.