Kodi na Haki: Somo la Forodha ya Mombasa

Watu wengi hulipa kodi pasipo kuuliza kwa nini wametozwa kiasi hiki wala si kingine. Wakaaji wa Mombasa wanayo njia nyepesi ya kulianza somo hili, nayo ni kuitazama Bandari ya Kale, chini ya nyumba za Mji wa Kale.

Katika mkataba wa mwaka 1833, Seyyid Said alipatana na Marekani kuwa wafanyabiashara wake wasitozwe ushuru uliozidi asilimia 5 ya bidhaa walizoshusha. Aliyeshusha nguo za reale 1,000 alidaiwa 50. Mwenye za reale 100 alidaiwa 5. Kila mmoja alitoa kwa kadiri ya mali yake, tena aliijua hesabu kabla merikebu haijatia nanga. Hapo pana haki ya namna mbili. Ila kazi ya kuutoza ushuru ilikodishwa. Kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa, na kilichozidi kikabaki kwao. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba kodi isichukue kwa watu zaidi sana ya kile kinachofika katika hazina. Kwa kipimo hicho, forodha ile ilikuwa na upungufu.

Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1901, ilikuwa na kosa kubwa zaidi. Ilihesabu vibanda, haikuhesabu mapato. Mwenye wake watatu katika vibanda vitatu alilipa mara tatu, hata kama shamba lake halikuvuna kitu mwaka ule. Wengine iliwabidi waache mashamba yao wakatafute kazi ya mshahara, ili wapate rupia za kulipa. Kutoza watu wote sawasawa huonekana kuwa haki kwa mtazamo wa kwanza. Lakini rupia moja si nzito sawasawa katika kila mfuko.

Jambo lilo hilo lilijadiliwa upya mwaka 2024, Serikali ya Kenya ilipokusudia kutoza mkate kodi ya asilimia 16. Kwa mkate wa shilingi 50, kodi ni shilingi 8, kwa kuli wa Kilindini na kwa mwenye meli vilevile. Baada ya maandamano ya Juni, mswada ule uliondolewa. Katiba ya mwaka 2010 yasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na tena kuwa hakuna sheria itakayomsamehe ofisa wa Serikali kodi kwa sababu ya cheo chake.

Lakini nani hasa anayeubeba mzigo? Huko Majengo wako wenye nyumba wasio na ardhi, ambao humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi kila mwezi. Ada ya kiwanja ikipanda, hati ya madai humfikia mwenye ardhi, naye aweza kuiongeza juu ya kodi anayomtoza mwenye nyumba; mwenye nyumba naye huiongeza kwa mpangaji wa chumba, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote la ada hiyo.