SOMO: Feni Isipotii Regileta

Katika nyumba ya kulelea vifaranga, feni ya kutolea hewa si pambo. Huondoa joto, unyevu na harufu kali ya amonia itokayo katika kinyesi. Ikisimama wakati wa jua kali, vifaranga huhema na kufa; ikienda kasi usiku kucha, hupigwa na baridi, wakalundikana na kukanyagana. Kwa sababu hiyo regileta, yaani kile kifaa kidogo cha kuongeza na kupunguza mwendo wa feni, ni mali ya wanachama ambayo yafaa katibu aifahamu.

Feni inapoharibika, mara nyingi muhtasari wa kamati huandika: "Inunuliwe mota mpya." Huko ni kutoa dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Mota ni ghali kuliko regileta, na huenda haina kosa lolote. Dalili ziandikwe kwanza, ndipo fedha zitolewe.

Dalili na maana yake

1. Feni huenda kwa kasi kamili tu, hata regileta ikizungushwa. Ikiwa regileta ni ya kielektroniki, yaelekea kipande kinachopunguza umeme kimeungua na sasa kinapitisha umeme wote.

2. Feni huzunguka katika namba ya kasi kubwa peke yake, na namba nyingine hazifanyi kazi. Katika regileta za zamani, waya wa kupunguza umeme umekatika. Namba ya kasi kubwa haipitii waya huo, ndiyo maana ingali nzima.

3. Feni huvuma bila kuzunguka, hata katika kasi kubwa. Zitazamwe kwanza kapasita na beringi.

4. Feni imekufa kabisa. Ichunguzwe fyuzi kabla ya kufungua kitu kingine.

Kipimo cha fundi

Kazi hii ni ya fundi wa umeme, wala si ya mlinzi au mlisha kuku. Swichi kuu izimwe, fyuzi itolewe na kukaa mfukoni mwa fundi, na testa ihakikishe kuwa nyaya hazina umeme. Kapasita isiguswe kabla fundi hajaondoa umeme uliobaki ndani yake.

Ikiwa feni ni ya fezi moja, fundi aiunganishe moja kwa moja bila kupitia regileta, kisha arudishe umeme. Ikizunguka vizuri kwa kasi kamili, mota ni nzima na kosa limo katika regileta. Ikikataa vilevile, regileta isilaumiwe peke yake.

Wakati wa kununua

Katibu anakili volti na ampea zilizoandikwa katika kibati cha mota. Ampea za regileta mpya zisipungue zile za mota, na iwe ya feni, si ya kufifishia taa. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi sawa na za ile ya zamani, na volti zake zisipungue. Kifaa kibovu kihifadhiwe pamoja na stakabadhi hadi siku ya ukaguzi.

Maswali ya kujadili

1. Feni ikisimama leo adhuhuri, nani katika chama chenu atafungua madirisha?
2. Je, daftari la matengenezo laonyesha dalili, au bei tu?
3. Mota iliyonunuliwa mara ya mwisho, ile ya zamani ilipimwa na nani?