Dume Hupimwa kwa Watoto Wake: Namna ya Kujua Thamani ya Farasi Dume wa Mbio

Fusaichi Pegasus alinunuliwa mnadani kwa dola milioni 4 za Marekani akiwa na umri wa mwaka mmoja. Mwaka 2000 alishinda Kentucky Derby, kisha akauzwa awe dume wa mbegu kwa bei iliyotajwa kuzidi dola milioni 60. Mwenye jike aliyemtaka mwaka uliofuata alitozwa dola 150,000. Kufikia mwisho wa kazi yake, ada hiyo ilikuwa imeshuka hadi dola 7,500.

Into Mischief alipita njia ya kinyume. Alianza kupandisha mwaka 2009 huko Kentucky kwa ada ya dola 12,500, nayo ikapunguzwa hadi dola 7,500. Watoto wake walipoanza kukimbia, bei ilipanda mwaka hadi mwaka mpaka dola 250,000, na tangu 2019 amekuwa akiongoza orodha ya madume wa Amerika Kaskazini.

Tofauti ya madume hao wawili ndiyo msingi wa makala hii. Ada ya dume ambaye watoto wake hawajakimbia ni bei ya matumaini. Thamani yake halisi hujulikana kwa watoto, na kwa kuangalia ni majike wa namna gani waliowazaa. Mwenye jike, anayetaka kununua hisa ya dume, na hata anayetafuta mtoto wa farasi mnadani, wote wanapaswa kujua namna ya kutenganisha mambo hayo.

Kwa nini dume mmoja anaweza kuwa ghali hivyo

Farasi wa mbio wa aina ya thorobredi wana daftari la koo lililoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791. Koo zote za kiume za leo zinarudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki, nao ni Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Mtoto hawezi kuandikishwa kuwa thorobredi asipotokana na upandishaji wa kawaida, jike na dume wakiwa mahali pamoja. Uhimilishaji hauruhusiwi. Kwa hiyo mbegu ya dume wa thorobredi haiwezi kutumiwa ikiwa imegandishwa na kusafirishwa kama ya fahali wa maziwa, na nafasi za dume anayetakwa na wengi huwa chache kila msimu.

Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11. Mtoto huuzwa akiwa na mwaka mmoja na huanza kukimbia akiwa na miwili. Tangu siku ya kupandisha hadi mbio ya kwanza hupita karibu miaka mitatu, na mfugaji hulipa gharama muda wote huo kabla ya kujua kama alichagua vizuri.

Anza na swali la uzazi

Kabla ya kutazama nasaba, uliza kama dume anatungisha mimba. Cigar alishinda mbio 16 mfululizo kati ya 1994 na 1996. Alipopelekwa shambani, hakuna jike hata mmoja aliyeshika mimba kwake, na bima ikalipa dola milioni 25. Nguvu za uwanjani hazikuonyesha chochote kuhusu uzazi wake.

Omba takwimu za misimu iliyopita: ni majike wangapi waliopandishwa, wangapi walioshika mimba, na watoto wangapi waliozaliwa hai. Kisha soma mkataba. Mkataba unaomlinda mfugaji husema ada italipwa mtoto akizaliwa hai, akasimama na kunyonya. Mkataba usio na kifungu hicho unakuachia hasara yote mimba ikitoka.

Jua dume yuko katika mwaka wa ngapi

Bei ya dume ina kalenda yake. Mwaka wa kwanza sifa zake za uwanjani bado zinasikika, wateja ni wengi na ada iko juu. Mwaka wa pili watoto huzaliwa. Wa tatu huingia mnadani wakiwa na mwaka mmoja, na wanunuzi huwatazama kwa jicho kali. Wa nne huanza kukimbia, na wa tano huonekana katika mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu.

Mwaka wa tatu na wa nne huwa mgumu kwa dume. Upya umekwisha na ushahidi haujafika, basi wenye majike humkimbia na ada hushuka. Dubawi, dume wa Sheikh Mohammed wa Dubai, alianza Uingereza mwaka 2006 kwa pauni 25,000, akashushwa hadi 15,000, kisha akapanda mpaka 350,000. Waliompelekea majike wakati ada imeshuka ndio waliopata watoto wake kwa bei nafuu.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba kila ada iliyoshuka ni nafasi njema. Wengi wanaoshuka katika miaka hiyo hawapandi tena. Mwenye mtaji mdogo anayeuza watoto mnadani hukabiliwa na chaguo mbili: dume wa mwaka wa kwanza, ambaye watoto wake watauzwa kabla ya kosa lolote kujulikana, au dume aliyekwisha kuthibitishwa. Anayefuga ili akimbize mwenyewe ana sababu zaidi ya kumsubiri dume wa aina ya pili.

Rekodi ya uwanjani na jina la ukoo

Kwa dume asiye na watoto wanaokimbia, rekodi yake ndiyo ushahidi uliopo. Tazama daraja la mbio alizoshinda kuliko idadi ya ushindi. Angalia alishinda akiwa na umri gani, kwa umbali gani, na kama aliendelea kukimbia bila kuumia. Mama yake naye atazamwe: je, alizaa washindi wengine, au yeye ndiye pekee?

Hata hivyo, rekodi hiyo hudanganya pande zote mbili. Danzig alikimbia mara tatu tu, akashinda zote, na hakuwahi kuingia katika mbio kubwa kwa sababu ya goti. Baadaye aliongoza orodha ya madume wa Marekani kwa miaka mitatu mfululizo, 1991 hadi 1993. Secretariat, aliyetwaa mataji matatu makuu ya Marekani mwaka 1973 na kushinda mbio ya Belmont kwa urefu wa farasi 31, hakupata mwana wa kiume wa kuendeleza jina lake. Binti zake ndio waliobeba urithi: Terlingua alimzaa Storm Cat, na Weekend Surprise alimzaa A.P. Indy, wote wawili madume wakuu wa zama zao. Ukimtathmini dume mzee, basi, tazama pia anachofanya akiwa babu kwa upande wa mama.

Kusoma takwimu za watoto

Matangazo hupenda kutaja jumla ya fedha zilizoshindwa na watoto wa dume. Jumla hiyo humpendelea mwenye watoto wengi. Dume anayepandishwa majike 200 kwa mwaka anaweza kuwa juu ya orodha huku watoto wake wengi wakiwa wa kawaida. Tumia vipimo vitatu badala ya jumla.

Cha kwanza ni asilimia ya washindi wa mbio kubwa, zile ambazo mshindi wake huandikwa kwa herufi nene katika vitabu vya mnada. Gawanya idadi yao kwa watoto wote waliozaliwa na kufikia umri wa kukimbia, siyo kwa waliokimbia tu, kwa sababu mtoto aliyeumia kabla ya kufika uwanjani naye alilipiwa ada. Kwa thorobredi wote kwa jumla, washindi wa namna hiyo ni takriban asilimia 3. Dume anayefikia 6 au 7 ni mzuri, na anayefikia 10 ni adimu. Northern Dancer, farasi mfupi wa Kanada ambaye hakupata mnunuzi wa dola 25,000 alipokuwa mdogo, alipita asilimia 20, na nasaba yake sasa imeenea katika mabara yote yenye mbio.

Cha pili ni kulinganisha dume na majike aliopewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa: dume wa ada kubwa huletewa majike bora, na majike bora huzaa watoto wazuri kwa madume wengi. Kwa hiyo Marekani hutumia namba mbili kwa pamoja. Ya kwanza hupima mapato ya watoto wa dume dhidi ya wastani wa farasi wote, ambao ni 1.00. Ya pili hupima mapato ya watoto ambao majike wale wale waliwazaa kwa madume wengine. Tuseme dume A ana 2.00 katika namba ya kwanza na 2.20 katika ya pili. Anang'aa kuliko wastani, lakini majike wake walifanya vizuri zaidi walipokuwa kwingine. Dume B ana 1.60 na 1.20. Huyu amewainua majike wake, na kwa mwenye jike wa kawaida B ndiye mwenye thamani.

Cha tatu ni bei ya katikati mnadani. Watoto kumi wakiuzwa, mmoja kwa dola 1,000,000 na tisa kwa dola 20,000 kila mmoja, wastani ni dola 118,000. Hakuna hata mmoja aliyeuzwa karibu na bei hiyo. Panga bei kutoka chini hadi juu, uchukue ya katikati. Hapo ni dola 20,000, na ndiyo bei unayopaswa kuitarajia.

Dume anayemfaa jike wako

Mtoto huchukua nusu ya urithi kwa kila mzazi, na huchukua kasoro kama anavyochukua sifa. Mtazame dume akiwa amesimama na akitembea kuja kwako na kuondoka. Angalia magoti yaliyorudi nyuma, kwato zinazogeuka nje au ndani, na vifundo vilivyo wima mno. Kisha mtazame jike wako kwa ukali huo huo. Kasoro ile ile ikiwa kwa wote wawili, tafuta dume mwingine hata kama namba zake ni nzuri.

Umbali nao una upande wa kurithiwa. Mwaka 2010 watafiti wa University College Dublin, wakiongozwa na Emmeline Hill, walieleza jeni inayohusiana na misuli ambayo husaidia kutabiri umbali unaomfaa farasi. Mwenye nakala mbili za aina moja huelekea mbio fupi, mwenye mbili za aina nyingine huelekea mbio ndefu, na mwenye moja moja hufaa umbali wa kati. Ukimpandisha jike wa mbio ndefu kwa dume wa mbio fupi, wote wakiwa na nakala mbili za aina yao, mtoto atakuwa wa kati. Kipimo hiki kinahusu umbali tu. Hakionyeshi kama farasi atakuwa mwepesi kuliko wenzake.

Kagua pia mababu wanaojirudia. Frankel, aliyestaafu bila kushindwa katika mbio 14, ana Northern Dancer kwa baba katika kizazi cha tatu na kwa mama katika cha nne. Kurudiarudia kwa kiasi hicho ni jambo la kawaida. Wakikaribiana zaidi ya hapo, hatari ya kasoro zilizojificha huongezeka.

Hesabu kabla ya kutia sahihi

Tuseme ada ni dola 10,000, na kumtunza jike na mtoto hadi siku ya mnada kutagharimu dola 20,000. Mtaji ni dola 30,000. Ikiwa bei ya katikati ya watoto wa dume huyo ni dola 25,000, utapata hasara zaidi ya nusu ya nyakati, hata dume awe na jina gani. Wafugaji wengi hutaka bei ya katikati iwe angalau mara tatu ya ada, na gharama za matunzo zikiwa kubwa kipimo hicho nacho lazima kipande.

Kwa mfugaji wa Kenya

Nairobi, thorobredi hukimbia katika uwanja wa Ngong chini ya Jockey Club of Kenya, na sheria ya upandishaji wa kawaida inahusu huko pia. Njia za kupata damu ya nje ni kuingiza dume, au kununua ng'ambo jike mwenye mimba. Kumpeleka jike wa Kenya nje ni kugumu, kwa sababu ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi, umezifanya nchi nyingi ziweke masharti makali.

Dume aliyeingizwa aulizwe maswali ya ziada. Kwa nini mwenyewe alimwuza? Aliacha watoto huko alikotoka, nao wamefanya nini? Hapa nyumbani watoto ni wachache, kwa hiyo mshindi mmoja anaweza kubadilisha asilimia yote. Usitegemee asilimia hiyo peke yake. Nenda Ngong siku ya mbio, uwatazame watoto wa dume mmoja mmoja, uwaulize wakufunzi ni wangapi waliosimamishwa kwa maumivu ya miguu, na utembelee mashamba kuwaona wadogo zao.

Ukimaliza, rudi kwa jike. Yeye ndiye nusu ya mtoto, na ndiye nusu ambayo tayari iko mikononi mwako. Jike asiye na mshindi katika ukoo wake wa karibu, na ambaye mwenyewe hakushinda, hageuzwi na ada kubwa. Fedha hizo zikinunua jike bora na kumpeleka kwa dume wa wastani aliyethibitishwa, zitafanya kazi zaidi kuliko kulipia jina la dume ambaye watoto wake hawajaonekana uwanjani.